Mizani Haisemi Yote: Historia ya Kupima Mafuta na Misuli ya Mtoto Mchanga

Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaica aliyekuwa akihudumu Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, alichapisha maelezo ya ugonjwa uliokuwa ukiwaua watoto walioachishwa ziwa na kubaki na uji wa mahindi. Miguu ilivimba, uso ukajaa, ngozi ikababuka na nywele zikapauka. Miaka miwili baadaye aliandika tena, na safari hii akautaja ugonjwa kwa jina walilolitumia wenyeji wa huko: kwashiorkor. Upande huu wa Afrika, Hugh Trowell alipambana na ugonjwa huo huo katika hospitali ya Mulago, Kampala, na mwaka 1954 yeye na wenzake Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu yake.

Waliofanya kazi katika wodi hizo walitambua mapema kwamba mizani haikuwa msaada mkubwa. Mtoto wa kwashiorkor aliweza kuletwa akiwa na uzito usiotisha na mashavu yaliyojaa, mama akiamini mwanawe ana afya. Ukimbonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, shimo linabaki. Yale ni maji. Akianza kutibiwa vizuri, siku za mwanzo uzito hushuka badala ya kupanda, kwa sababu maji hutoka kabla nyama haijarudi. Anayesoma kadi peke yake ataona mtoto anarudi nyuma, kumbe ndiyo kwanza anapona.

Swali lililozaliwa hapo ndilo tunalolifuata katika historia hii: kilo za mtoto ni kilo za nini? Ndani yake mna maji, misuli, viungo, mifupa na mafuta. Watoto wawili wenye kilo 5 kila mmoja wanaweza kuwa na miili isiyofanana kabisa, mmoja akiwa na akiba ya kumvusha siku tatu za kuharisha na mwingine hana. Namna ya kuijua tofauti hiyo kwa mtoto aliye hai, kwa vifaa vinavyoingia mfukoni, imewachukua watafiti zaidi ya karne moja, na sehemu muhimu ya kazi hiyo imefanyika kwetu.

Kwa muda mrefu jibu la uhakika lilipatikana kwa waliokufa tu. Mwaka 1877 Mjerumani Hermann Fehling alichapisha uchambuzi wa kikemia wa miili ya mimba zilizoharibika na ya vichanga. Kazi iliyokuja kuwa msingi ni ya Elsie Widdowson, mwanasayansi wa Cambridge, Uingereza, aliyeshirikiana maisha yake yote na Robert McCance. Mwaka 1951 yeye na C. M. Spray walieleza walichokipata katika miili ya watoto waliokufa tumboni au mara baada ya kuzaliwa. Mwili ulikaushwa ili maji yajulikane, mafuta yakatolewa kwa dawa ya kuyeyusha, kisha nitrojeni na madini yakapimwa moja baada ya jingine. Ni kazi nzito kuisoma, na mtu anayeisoma asisahau kwamba kila safu ya tarakimu ilikuwa mtoto wa mtu. Lakini bila safu zile, milinganyo yote iliyofuata isingekuwa na pa kusimama.

Waligundua nini? Kwamba mtoto wa binadamu anayezaliwa miezi ikiwa imetimia ana mafuta mengi ajabu: karibu asilimia 16 ya uzito wake. Widdowson alikuwa ameshalinganisha mamalia mbalimbali mwaka 1950. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na mafuta ya kiasi cha asilimia 1 tu. Na mafuta ya kichanga chetu hayajengwi polepole kwa miezi yote tisa. Mengi huwekwa katika wiki za mwisho za ujauzito, ndiyo sababu mtoto njiti huzaliwa na ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa na hushindwa kujitunzia joto. Jambo la pili lilikuwa la maji. Kwa mtu mzima, ukiondoa mafuta, sehemu iliyobaki ya mwili ni maji kwa takriban asilimia 73. Kwa kichanga inafikia karibu asilimia 80, kisha inapungua kadiri anavyokua. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo lililovuruga hesabu za wengi walioazima kanuni za watu wazima na kuwavika watoto.

Maana wakati huo huo, sayansi ya watu wazima ilikuwa inakwenda mbio. Mwaka 1942 Albert Behnke wa jeshi la majini la Marekani aliwapima wachezaji wa mpira wa Kimarekani ambao kwa vigezo vya jeshi walihesabiwa wanene kupita kiasi. Aliwapima uzito hewani, akawapima tena wakiwa wamezama majini, na kwa hesabu ile ile ya Archimedes akaonyesha kwamba wengi wao walikuwa na misuli mingi na mafuta machache. Mizani ilikuwa imewahukumu kwa makosa. Njia hiyo ikawa kipimo cha kuaminika kwa miongo kadhaa. Ila kichanga huwezi kumzamisha majini, wala hawezi kuagizwa atoe pumzi yote na kutulia.

Kwa watoto, njia ilibidi ipite juu ya ngozi. Wazo la kuukadiria mwili kwa vipimo vya nje lilikuwa limeshaandikwa mwaka 1921 na Jindřich Matiegka wa Prague, aliyetoa milinganyo ya kugawa uzito wa mtu katika mifupa, misuli, ngozi na mafuta kwa kupima mizunguko na unene wa ngozi iliyofinywa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza James Tanner na Reginald Whitehouse, waliokuwa wakifuatilia ukuaji wa watoto wa kituo kimoja huko Harpenden, walishirikiana na wenzao kutengeneza kifaa cha kufinyia kilichopewa jina la mji huo. Mafanikio ya kifaa hicho yalitokana na kitu kimoja: taya zake hubana kwa nguvu isiyobadilika ya gramu 10 kwa kila milimita ya mraba, ziwe zimefunguka sana au kidogo. Kabla ya hapo kila mpimaji alibana kwa nguvu ya mkono wake, na matokeo ya wawili hayakuweza kulinganishwa.

Mtu aliyewahi kumfinya kichanga kwa kifaa hicho anajua kazi ilivyo. Unatafuta katikati ya mkono wa juu, kwa nyuma. Unainua ngozi na mafuta yake kwa kidole gumba na cha shahada, ukihakikisha msuli haukuinuka pamoja nayo. Unaachia taya zibane chini kidogo ya vidole vyako, unahesabu sekunde mbili, unasoma. Mafuta ya mtoto ni laini na yana maji mengi, hivyo ukichelewa taya zinazidi kudidimia na namba inashuka machoni pako. Mtoto naye analia na kurusha mkono. Mpimaji hurudia mara mbili au tatu, kisha huhamia chini ya fupa la bega mgongoni, pengine na kwenye paja na ubavuni. Kosa la milimita 1 kwa mtu mzima si neno. Kwa kichanga mwenye milimita 4 au 5 tu, hiyo ni robo au sehemu ya tano ya kipimo chote.

Mwaka 1977, huko huko Cambridge, Dauncey, Gandy na Gairdner walichukua hatua niliyoipenda tangu nilipoisoma kwa mara ya kwanza, kwa jinsi ilivyo wazi. Hawakuanza na takwimu. Walianza na umbo. Walimwona mtoto kama mitungi iliyounganishwa: kiwiliwili, mikono, miguu. Kila mtungi una tabaka la mafuta chini ya ngozi. Ukijua urefu na mzunguko wa mtungi, na unene wa tabaka kwa kufinya sehemu mbili, unaweza kukokotoa ujazo wa mafuta yote. Walihitaji vipimo vya mwili tisa na mifinyo miwili tu. Njia hii ina udhaifu wake, kwa kuwa haihesabu mafuta yaliyo ndani ya tumbo, lakini kwa mtoto mchanga sehemu kubwa ya mafuta iko chini ya ngozi, hivyo udhaifu huo ni mdogo kuliko ambavyo ungekuwa kwa mzee.

Kipindi hicho Samuel Fomon wa Iowa, Marekani, alikuwa akitafuta jibu la swali jingine: mtoto wa kawaida anapaswa kuwaje? Mwaka 1967 alikusanya kila kilichojulikana, uchambuzi wa kikemia, vipimo vya maji na vya madini, akaunda mtoto wa kuigwa asiyekuwepo popote ila karatasini. Mwaka 1982 yeye na wenzake walimpanua hadi miaka 10. Mvulana wao anazaliwa na mafuta ya asilimia 13.7, anafika asilimia 25.4 akiwa na miezi 6, kisha anashuka hadi 22.5 akitimiza mwaka. Yaani katika nusu mwaka ya kwanza mtoto anayenyonya vizuri huongeza mafuta kuliko kipindi kingine chochote cha utoto wake, na bibi zetu wanaofurahia mapaja yenye mikunjo ya mtoto wa miezi mitano wanafurahia jambo la kweli. Hata hivyo, mtoto wa Fomon alijengwa kwa takwimu chache za watoto wa Marekani na Ulaya. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa kipimo cha vichanga wa dunia nzima.

Turudi Kampala, maana huko ndiko historia ilikochukua njia yake nyingine. Mwaka 1959 Derrick Jelliffe alifika Makerere kuwa profesa wa afya ya mtoto. Alikuwa ameshafanya kazi Sudan, Nigeria, India na Karibea, na alijua tatizo la daktari wa wilaya: vijiji mamia, mizani moja iliyoharibika, na mama asiyeijua tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake. Mwaka 1966 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya kutathmini lishe ya jamii, kitabu kilichobebwa na madaktari na maofisa lishe wa kizazi kizima. Ndani yake aliweka mkazo juu ya kipimo kilichodharauliwa, mzunguko wa mkono wa juu. (Mwaka huo huo McCance, aliyestaafu Cambridge, alikuja Kampala kuongoza kwa miaka miwili kituo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto. Maabara iliyochambua miili na wodi iliyojaa watoto waliovimba zikawa zimekutana.)

Kwa nini mkono? Kwanza, kwa kuwa ndani yake mna vitu viwili vinavyoliwa na njaa, misuli na mafuta, vikiuzunguka mfupa mmoja mwembamba. Pili, kwa kuwa maji ya kwashiorkor hukusanyika zaidi miguuni, na mkono wa juu hauvimbi sana. Tatu, na hili ndilo lililowafurahisha watu wa vijijini, ni kwamba kati ya mwaka mmoja na miaka mitano mzunguko wa mkono wa mtoto mwenye afya hubadilika kidogo mno, ukizunguka sentimita 16. Mafuta ya uchanga yanapungua, misuli inaongezeka, na jumla inabaki karibu pale pale. Hivyo mpimaji hahitaji kujua umri kwa uhakika.

Mwaka 1969 jarida la afya ya watoto wa nchi za tropiki lilitoa toleo maalumu kuhusu mkono huo, Jelliffe na mkewe Patrice wakiwa waandishi wakuu. Humo mlikuwa na ripoti kutoka Busoga, Uganda, na nyingine kutoka Dodoma. Kwa maneno mengine, watoto wa Kisoga na Kigogo ni miongoni mwa wa kwanza duniani ambao mikono yao ilitumika kukijaribu kipimo hiki. Wanafunzi wetu wa lishe hawafundishwi hilo mara nyingi, nao wana haki ya kulijua.

Jelliffe na Michael Gurney walisonga mbele. Mwaka 1973 walichapisha mchoro wa kukokotoa haraka kiasi cha misuli na cha mafuta ndani ya mkono. Hesabu yake ni ya darasa la saba. Chukulia mkono kuwa duara. Zidisha unene wa ngozi iliyofinywa kwa 3.14, uutoe kwenye mzunguko wa mkono, na kilichobaki ni mzunguko wa misuli. Mtoto mwenye mkono wa sentimita 14 na mfinyo wa milimita 8 anabaki na misuli ya sentimita 11.5 hivi. Mwenzake mwenye mkono ule ule wa sentimita 14 lakini mfinyo wa milimita 5 ana karibu sentimita 12.4. Utepe ungesema wako sawa, ila kifinyio kinasema hawako sawa. Kwa vitu viwili vinavyoenea kwenye mkoba wa nesi, uliweza kutenganisha akiba ya mtoto katika sehemu mbili bila kumgusa kwa sindano.

Lakini njaa haikusubiri mchoro wa Gurney. Vita vya Biafra, Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1960, vilileta watoto maelfu kwenye vituo vya chakula, na timu ya misaada ya Waquaker ilihitaji kuamua kwa sekunde nani apewe nini. Walitumia fimbo. Mkono wa mtoto ulipimwa, kisha akasimamishwa kando ya fimbo yenye alama. Kila alama ilikuwa mzunguko wa mkono unaolingana na urefu ule. Kama mtoto alikuwa mrefu kupita alama ya mkono wake, alikuwa amekonda. Mwishoni mwa 1970 fimbo hiyo ilipelekwa Matlab, Bangladesh ya leo, ambako Alfred Sommer na Loewenstein waliwapima watoto zaidi ya 8,000 na kuwafuatilia kwa miezi 18. Walichokichapisha mwaka 1975 kilikuwa kitu kipya: watoto wa kundi lililokonda kuliko yote walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara 3 ya wenzao wa nusu ya juu. Swali lilikuwa limebadilika. Hawakuuliza tena mtoto huyu ana mafuta kiasi gani. Waliuliza kama atakuwa hai mwaka ujao, na mkono ulijibu.

Kufikia 1974 fimbo ilikuwa imeshapungua na kuwa utepe. Adnan Shakir wa Baghdad na David Morley, daktari aliyetoa kadi ya ukuaji tuijuayo kwenye kliniki zetu, walieleza namna ya kukata ukanda kutoka filamu kuukuu ya eksirei, ambayo hairefuki ikivutwa, na kuupaka rangi tatu. Chini ya sentimita 12.5 ni nyekundu, hadi 13.5 ni njano, zaidi ya hapo ni kijani. Asiyejua kusoma namba anajua kusoma rangi.

Mizani iliendelea kutawala hata hivyo. Huko Iringa, mpango wa lishe ulioanza kati ya mwaka 1983 na 1984 katika vijiji 168 ulisimama juu ya siku za afya za kijiji, watoto wakining'inizwa kwenye mizani na matokeo yakijadiliwa na serikali ya kijiji. Ulikuwa mpango mzuri uliojulikana duniani, na nguvu yake ilikuwa katika majadiliano yale.

Sababu ya mkono kushinda uzito katika kutabiri kifo ilielezwa vizuri na André Briend na wenzake mwaka 1989. Mtoto mgonjwa, asiyekula, hulisha ubongo wake, moyo wake na kinga yake kwa kuvunja misuli. Mtoto mdogo ana ubongo mkubwa kwa mwili wake na misuli michache, hivyo ghala lake huisha haraka kuliko la mkubwa. Mkono, tofauti na uzito uliojaa maji, mifupa na chakula cha tumboni, unakaribia kuwa kipimo cha ghala hilo. Ndiyo sababu udhaifu wa zamani wa kutojali umri uligeuka kuwa sifa. Utepe mmoja wenye alama moja huwakamata zaidi wadogo, na wadogo ndio wanaokufa.

Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, jambo hilo lilijaribiwa kwa wagonjwa waliolazwa. Mwaka 2005 James Berkley na wenzake walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 8,000 wenye umri wa miezi 12 hadi 59 waliopokelewa katika hospitali ya wilaya. Utepe ulifanya kazi isiyopungua ile ya uzito kwa urefu, na wenyewe haukuhitaji mizani, ubao wala jedwali. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliuweka mstari wa utapiamlo mkali kwenye sentimita 11.5. Utepe wenye rangi tatu anaoubeba mhudumu wa afya ngazi ya jamii leo, Kigoma au Turkana, una mstari huo.

Sasa tazama pengo. Mstari ule ulikuwa wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya hapo, hapakuwa na mstari.

Utafiti mkubwa wa ukuaji wa Shirika la Afya Duniani, uliofanyika kati ya 1997 na 2003 katika Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulipima watoto 8,440 waliolelewa katika mazingira mazuri na kunyonyeshwa ipasavyo. Ndio uliozaa michoro ya mwaka 2006 iliyo kwenye kadi za kliniki. Mwaka uliofuata ilitolewa michoro ya mzunguko wa mkono na ya mifinyo ya ngozi, lakini ilianzia miezi 3. Kichanga wa wiki saba aliachwa nje, na dhana iliyokuwepo vichwani mwa wengi ilikuwa kwamba anayenyonya hana utapiamlo. Mwaka 2011 Marko Kerac na wenzake walikadiria kwamba vichanga walio chini ya miezi 6 waliokonda duniani ni karibu milioni 8.5. Dhana ilikuwa imewaficha watoto wengi mno.

Wakati huo upande wa maabara ulikuwa umepata chombo ulichokisubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilitoka chumba kidogo cha kumlaza kichanga, kinachopima hewa anayoihamisha badala ya maji. Dakika mbili mtoto analala humo akipumua kawaida, na mafuta yake yanajulikana. Chombo hicho ni ghali, lakini kimoja kilifika Jimma, Ethiopia, na mwaka 2013 Gregers Andersen, Tsinuel Girma na wenzao walitoa takwimu za vichanga wa Kiethiopia tangu kuzaliwa hadi miezi 6. Mtoto wa karatasini wa Fomon alianza kupata wenzake wa damu na nyama.

Chombo hicho kilifanya jambo jingine la maana: kilitoa kitu cha kusahihishia milinganyo. Miaka michache kabla hakijatoka, mwaka 1995, Patrick Catalano wa Cleveland, Marekani, alikuwa ametoa mlinganyo unaotumia uzito, urefu na mfinyo mmoja wa ubavuni. Uzito katika kilo unazidishwa kwa 0.39055, mfinyo katika milimita kwa 0.0453, vinajumlishwa, kisha unatoa urefu katika sentimita uliozidishwa kwa 0.03237, na kuongeza 0.54657. Kichanga wa kilo 3.2, sentimita 49 na mfinyo wa milimita 4 anapata mafuta ya gramu 390 hivi, asilimia 12. Mantiki yake inaonekana: kwa uzito ule ule, aliye mrefu zaidi ana mafuta machache. Lakini milinganyo ya aina hii ilipojaribiwa kwa vichanga wa mahali pengine, ilikuwa na tabia moja inayojirudia. Wastani wa kundi iliupata vizuri kiasi, mtoto mmoja mmoja ikamkosa kwa umbali mkubwa.

Pune, India, inaonyesha kwa nini. Mwaka 2003 Chittaranjan Yajnik na wenzake waliwalinganisha vichanga wa vijiji vya huko na wa Southampton, Uingereza. Wa Pune walizaliwa na wastani wa kilo 2.7, wa Southampton kilo 3.5. Kila kipimo chao kilikuwa kidogo, tumbo, mkono, urefu, ila mfinyo wa chini ya bega ulipungua kidogo tu. Walikuwa wamepoteza misuli na kubakiza mafuta. Mlinganyo uliotengenezwa kwa watoto wa Southampton, ukipewa mtoto wa Pune, unadhani wembamba wake ni ukosefu wa mafuta. Nasema bila kusita kwamba mlinganyo uliozaliwa kwa watoto wengine haufai kutumiwa kwa wa kwetu mpaka ujaribiwe kwa wa kwetu, hata kama umetoka chuo kikubwa kiasi gani.

Kilifi ndiko pengo la vichanga lilikoshughulikiwa kwa subira. Martha Mwangome, mtafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, alianza na swali la msingi: je, wahudumu wa kijijini wanaweza kuwapima walio chini ya miezi 6 bila kukosea? Matokeo ya 2012 yalionyesha kwamba mkono ulipimika kwa uhakika kuliko uzito kwa urefu, na aliyewahi kumnyoosha kichanga kwenye ubao hashangai. Magoti ya mtoto wa wiki sita hayanyooki kwa kuombwa. Mwaka huo huo yeye na wenzake walichapisha takwimu za Gambia: vichanga waliopimwa mkono walipokuja kuchanjwa, na mkono ulitabiri vifo vizuri kuliko uzito kwa urefu. Mwaka 2017 yakafuata matokeo ya vichanga waliolazwa Kilifi, na jibu likawa lile lile.

Kumpima kichanga mkono si jambo la kulipua. Mkono wa kushoto unakunjwa kwenye kiwiko, unatafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko na kuweka alama. Kisha mkono unaachwa ulegee ubavuni, utepe unazungushwa juu ya alama, ukigusa ngozi pande zote bila kuibonyeza. Utepe ukivutwa, nyama laini ya kichanga inakubali haraka, na milimita 3 zinapotea. Kwa mtoto anayepimwa dhidi ya mstari mmoja, milimita 3 ndizo zinazomrudisha nyumbani aliyestahili kubaki.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa ukondefu, na kwa mara ya kwanza mzunguko wa mkono ulio chini ya sentimita 11 ukaingizwa miongoni mwa dalili za hatari kwa vichanga wa wiki 6 hadi kabla ya miezi 6. Tangu toleo la Jelliffe la 1969, ilikuwa imepita miaka 54.

Utepe hausemi mtoto ana gramu ngapi za mafuta, na anayetaka kujua hayo bado anahitaji chombo cha Jimma na milinganyo iliyotengenezwa kwa vichanga wa kwetu, kazi ambayo vyuo vya Afrika Mashariki vinaweza kuianza sasa. Ila kwa mama anayempeleka mtoto wake chanjo ya wiki ya sita, ya kumi au ya kumi na nne, ombi langu ni dogo. Mtoto akishapimwa kwenye mizani, mwambie nesi ampime na mkono, na namba iandikwe kwenye kadi kando ya uzito. Ikiwa chini ya sentimita 11, usiondoke kliniki kabla hujaelezwa hatua inayofuata.